Ngano ya Njiani

Saa kumi alasiri, tarehe 13 Machi mwaka 118, watu 60 walikivamia kituo cha Patkoua, katika jangwa lililo kati ya Mto Nile na Bahari ya Sham. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kugeuza chochote: ilikuwa saa kumi ile ile tunayoijua, jua limeanza kulegea, na askari wachache wamo ndani ya ukuta wa mawe. Walipigana mpaka giza likaingia. Wavamizi hawakuondoka. Walikizingira kituo usiku kucha, na alfajiri mapigano yakaanza upya. Askari wa miguu aitwaye Hermogenes aliuawa. Mwanamke mmoja na watoto wawili walichukuliwa.

Habari hiyo aliipeleka askari wa farasi, Antonius Celer, kwa akida Cassius Victor, na kutoka kwa akida ikasambazwa kwa wakuu wa vituo vya njia ili kila mmoja akae macho. Ilipofika katika kituo cha Krokodilo, mtu alichukua mtungi wa mvinyo uliokwisha kunywewa, akainakili kwa wino ubavuni mwa mtungi. Baadaye mtungi ulivunjika, au ulivunjwa, ukatupwa jaani nje ya lango. Huko ulilala karibu miaka 1,900. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Kifaransa chini ya Hélène Cuvigny walilichimba jaa hilo, wakaviunganisha vipande, na mwaka 2005 maandishi yakachapishwa. Ndiyo sababu leo tunaweza kusema habari za jioni moja ya Machi mahali ambapo hapakuwa na mji wala soko.

Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu husimama pale pale. Askari aliyekufa ana jina. Taarifa haikomi kwenye jina: inataja na kikosi alichokuwamo. Mpanda farasi aliyepigana alfajiri, Damanais, ana jina. Mwanamke hana. Watoto hawana. Aliyeandika hakuwa mkatili. Alikuwa akijaza taarifa ya kijeshi, na taarifa ya kijeshi huhesabu wanajeshi. Lakini mwanamke yule aliishi mle kituoni, alichota maji ya kisima kile kile, na wanawe walicheza katika ua ule ule. Siku ile yeye ndiye aliyepoteza kuliko wote waliobaki hai.

Krokodilo kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoiunganisha Koptos, ambayo leo ni Qift, na bandari ya Myos Hormos, karibu na Qusayr. Ni mwendo wa kilomita 180 hivi, kutoka ukingo wa Nile hadi pwani ya Bahari ya Sham. Njia nyingine, iliyoachana na hiyo pale Phoinikon, ilishuka kusini hadi Berenike, zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Magofu ya Krokodilo hayakuwa siri. Wenyeji waliyaita al-Muwayh, na wasafiri waliziona kuta zake wakipita. Kilichopotea ni jina na maisha ya mahali hapo. Jina lilirudi kutoka kwenye takataka, likiwa limeandikwa tena na tena juu ya vigae na watu ambao hawakuwa na wazo lolote la kutuachia sisi kumbukumbu.

Kabla ya vituo hivi kujengwa, jangwa hilo lilivukwa kama bahari. Mwanajiografia Strabo, aliyefika Misri mwishoni mwa karne ya kwanza kabla ya Kristo, anaeleza kwamba zamani wafanyabiashara wa ngamia walisafiri usiku wakifuata nyota kama mabaharia, na kubeba maji yao wenyewe. Katika wakati wake tayari visima vilikuwa vimechimbwa kwenda chini sana, na mabirika yamejengwa kukinga mvua, ingawa mvua huko ni haba. Safari ya Myos Hormos ilichukua siku sita au saba. Strabo anasema pia kwamba meli 120 ziliondoka bandarini hapo kwenda India. Miongo michache baadaye Pliny aliandika juu ya njia ya Berenike: siku kumi na mbili, mwendo ukifanywa usiku kwa sababu ya joto, mchana kutwa watu wakijificha vituoni.

Fikiria maana ya kujificha huko. Ngamia wamepigishwa magoti, mizigo imeshushwa, watu wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Shehena ambayo Roma nzima inaingoja, pilipili, ubani, lulu, pembe za ndovu, imekaa chini vumbini mpaka jua litue. Wanahistoria wa biashara ya kale wamependa kuandika habari za ncha mbili za njia: bandari na jumba la tajiri. Mimi naona njia ilisimama au ilianguka kwa jambo moja tu, nalo ni kama mtu atakuta maji pale anapotarajia kuyakuta. Hilo lilikuwa mikononi mwa askari wa hadhi ya chini waliowekwa mahali ambapo hakuna aliyeomba kupelekwa.

Dola lilijua hivyo. Huko Didymoi, kwenye njia ya Berenike, imepatikana nakshi ya mwaka wa 76 au 77, enzi za Kaisari Vespasian. Inasema kwamba liwali wa Misri, Lucius Iulius Ursus, aliporudi kutoka Berenike aliamuru kisima kitafutwe mahali hapo, na kilipopatikana, ngome na mabirika vijengwe. Utaratibu ni huo: kwanza maji, kisha kuta. Wangeyakosa maji, pasingekuwa na kituo, na msafara ungelazimika kubeba maji pale ambapo ungeweza kubeba mali.

Ngome zenyewe zilikuwa ndogo. Ukuta wa mawe wa pembe nne, minara kwenye pembe, lango moja, vyumba vilivyoegemea ukuta kwa ndani, na katikati kisima na mabirika. Askari mara nyingi hawakufika ishirini, wengine wa farasi, wengi wa miguu, chini ya msimamizi aliyekuwa askari mwenzao tu. Wapanda farasi walipokezana barua za serikali kutoka kituo hadi kituo, na Krokodilo walitunza daftari la barua hizo lenye siku na saa ya kila moja kupita, mchana au usiku. Juu ya vilima kulikuwa na minara ya walinzi. Zaidi ya hayo, kulikuwa na kungoja.

Maisha hayo yamebaki kwa sababu jangwa halina mvua na kwa sababu mafunjo yalikuwa ghali kuliko vigae. Mvinyo ulifika kwa mitungi kutoka bonde la Nile. Mtungi ukiisha, ulivunjwa, na kila kipande kikawa karatasi. Maelfu ya vipande hivyo vimetoka kwenye majaa ya vituo vya jangwa hili, vingi kwa Kigiriki, vichache kwa Kilatini. Watu wanaagiza mboga. Wanalalamika kwamba walituma kitu na hawakujibiwa. Wanaulizana kama mzigo wa wiki iliyopita ulifika. Mifupa iliyochimbwa inasema mengine: walifuga nguruwe na kuku jangwani, walikula samaki kutoka baharini, na ngamia na punda waliochoka kubeba waliishia chunguni.

Barua nyingi zinaanza kwa namna moja. Mwandishi anamsalimu ndugu yake, mara nyingi si ndugu wa damu, kisha anamwambia kwamba kila siku anamwombea mbele ya mungu wa mahali alipo. Ndipo aje kwenye kabeji. Yeyote aliyelelewa kuandika barua zinazoanza na “baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako” ataelewa mara moja. Wataalamu wengine wameona salamu hizo kuwa mazoea matupu ya kurukwa haraka ili mtu afike kwenye habari. Nawapinga. Kwa mtu aliye kituo cha tatu kutoka mtoni, jirani yake wa karibu akiwa mwendo wa siku nzima, kusikia kwamba jina lake limetajwa mbele ya mungu wa kituo kingine ndiyo habari yenyewe. Kabeji ilikuwa sababu ya kuandika.

Mwandishi anayejitokeza kuliko wengi katika vigae vya Krokodilo ni Philokles, mfanyabiashara mdogo. Aliuza mboga na vitu vya matumizi kwa askari wa vituo mbalimbali. Aliwakodisha pia wanawake. Mwanamke alitolewa kwa mwezi kwa askari wa kituo fulani, wao wakachanga fedha, na mwezi ukiisha alipelekwa kwingine. Mambo haya yamo ndani ya barua zile zile zenye salamu nzuri na maombi kwa miungu, mstari mmoja mboga, mstari wa pili mwanamke, bila sauti kubadilika. Ni vigumu kuyasoma. Lakini nawashukuru waliozisoma barua hizo neno kwa neno na kuzichapa zote, kwa sababu bila hizo tungebaki na picha ya askari mashujaa na ngamia wenye mali, na wanawake hao wangepotea mara ya pili.

Serikali nayo iliwajua, na iliwawekea bei. Mwaka 90, enzi za Kaisari Domitian, palisimamishwa huko Koptos jiwe lenye orodha ya ushuru wa njia ya jangwani. Baharia alilipa drakma 5. Mke wa askari alilipiwa drakma 20. Mlingoti wa meli nao ulilipiwa drakma 20, maana hata milingoti ilivukishwa jangwa hadi pwani isiyo na miti ya kufaa. Hati ya ngamia mmoja ilikuwa oboli 1 tu. Mwanamke wa kuuza mwili: drakma 108. Maiti iliyopelekwa makaburini na kurudi kwa waombolezaji vililipiwa pia, drakma 1 na oboli 4. Sijui maandishi ya kibiashara ya kale yanayoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi njia ilivyowatazama waliopita juu yake. Mke na mlingoti wako katika bei moja, na anayetozwa kuliko wote ni yule ambaye mwili wake ndio shehena.

Nyuma ya hayo yote kulikuwa na fedha nyingi kupindukia. Mafunjo yaliyohifadhiwa Vienna, ya karne ya 2, yana mkataba wa mkopo kwa ajili ya safari ya Muziris huko India na hesabu ya shehena ya meli iitwayo Hermapollon. Thamani ya shehena hiyo ni takriban sestertii milioni 7, na pembe za ndovu zimo. Mkataba unaeleza kwamba mali itakabidhiwa kwa mwenye ngamia anayeaminika, ipelekwe Koptos chini ya ulinzi, na ushuru wa robo nzima ulipwe. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka wa 6 kabla ya Kristo hadi mwaka wa 68 au 69 baada yake, familia ya Nikanor wa Koptos ilifanya kazi ya kusafirisha kwa ngamia kwenda Myos Hormos na Berenike, na risiti zao, juu ya vigae vile vile, bado zipo. Ngano kwa fulani, imefika. Mvinyo kwa fulani, umefika. Miongo zaidi ya saba ya kufika.

Hapo ndipo njia hii inapogusa pwani yetu. Kitabu kidogo cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa na Mgiriki wa Misri ambaye hakutaja jina lake, kinaanza safari zake Myos Hormos na Berenike, bandari mbili ambazo vituo hivi vilizihudumia. Tawi moja la safari linashuka pwani ya Afrika, pwani aliyoiita Azania, hadi soko la mwisho, Rhapta, lililopata jina hilo kwa mashua zake zilizoshonwa. Rhapta ilitoa pembe za ndovu kwa wingi, vipusa na magamba ya kasa. Mwandishi anaeleza kwamba waliofanya biashara huko sana walikuwa manahodha na mawakala Waarabu wa Muza, waliozoeana na wenyeji, wakaoana nao, na kuijua lugha yao.

Kwa hiyo pembe iliyotoka bara nyuma ya pwani hii, ikasubiri upepo, ikapanda kaskazini na kushushwa kwenye gati la jangwani, ililazimika kulala Krokodilo, au katika kituo kingine kama hicho, kabla ya kuuona mto. Ilishushwa mgongoni mwa ngamia alfajiri ikapakiwa tena magharibi. Askari aliyekuwa akingoja kabeji zake aliipita akienda kisimani. Iskanderia au Roma ilikatwakatwa, ikawa miguu ya meza, vibao vya kuandikia na vichana. Pembe zenyewe sasa haziwezi kufuatwa. Kilichodumu ni kigae cha kabeji.

Jambo moja katika Periplus limenishika kuliko orodha ya bidhaa. Baada ya kutaja mikuki, mashoka, visu na shanga za kioo zilizopelekwa Azania, mwandishi anaongeza kwamba sehemu nyingine zilipelekewa pia mvinyo na ngano kwa kiasi si kidogo, na si kwa ajili ya faida. Vilikuwa vya kutolewa tu, ili kuipata ridhaa ya wenyeji, ambao anawaita washenzi. Ndivyo walivyoitwa pia watu wa jangwani katika taarifa ya Patkoua. Mwenye mtaji alijua kwamba njia yake inapita katika nchi ya watu, na kwamba watu hao wana uwezo wa kuifunga.

Wale 60 wa mwaka 118 walikuwa na nchi. Hilo halimo katika taarifa, wala hatungelitegemea. Jangwa la Mashariki lilikuwa na wafugaji waliojua kila mbuga na kila mahali pa maji kabla ya liwali yeyote kuamuru kisima kitafutwe. Ngome ilipojengwa juu ya kisima, kuta zake ziliwazuia watu fulani wasiyafikie maji. Sisemi hivi kumhesabia haki aliyembeba mama na wanawe usiku. Nasema kwamba taarifa imeandikwa na upande wenye wino, na kwamba neno inalotumia kwa wale wengine lilitosha kuwafanya wasiwe na sababu ya kitu chochote walichofanya.

Majaa haya sasa yanaisha. Barabara ya lami ya Qift hadi Qusayr inapita karibu na magofu kadhaa ya njia ya Myos Hormos, na hilo si baya sana. Kibaya zaidi ni watafuta dhahabu, ambao katika miaka ya karibuni wameingia Jangwa la Mashariki na mitambo mizito. Mwizi wa zamani alitafuta sanamu au sarafu, akaliacha jaa. Tingatinga halichagui. Likipita mara moja juu ya rundo la takataka la karne ya 2, linafuta barua za maisha ya watu mia ambao hakuna mahali pengine duniani walipotajwa. Cuvigny na wenzake wamefanya kazi kwa haraka na kwa subira kwa wakati mmoja, na kila kigae walichokwisha kukisoma ni cha kushukuriwa, maana vingine vingi havitasomwa.

Kati ya vilivyookolewa kuna vile vya Xeron Pelagos, kwenye njia ya Berenike, vya karne ya 3. Ni kumbukumbu za ngano. Ngano ililetwa kituoni kutoka bondeni, na kituo kikaigawa kwa watu wa jangwani, wazao au majirani wa wale waliowahi kuvizingira vituo. Karne moja na nusu baada ya Patkoua, dola lilikuwa limefika mahali ambapo mabaharia wa Rhapta walikwisha kufika zamani: wape ngano, upite. Na kwa kuwa ngano ni mali ya serikali na lazima ihesabiwe, aliyeipokea alipaswa kuandikwa. Vigae hivyo vinamtaja mkuu wao mmoja. Anaitwa Baratit.

Upande wa Rhapta hatuna jina hata moja. Periplus inasema kila mahali palikuwa na wakuu wake, haimtaji yeyote. Rhapta yenyewe haijapatikana kwa hakika. Wako wanaoielekeza delta ya Rufiji, na wako wanaoitafuta kwingine katika pwani ya Tanzania. Hata ikipatikana, udongo wake si wa al-Muwayh. Wino haudumu chini ya mvua za masika, na ngano iliyotolewa kama zawadi kwa wakuu wa Azania haikuandikiwa risiti iliyobaki. Watu hao itabidi waulizwe kwa njia nyingine, kwa shanga, kwa mifupa ya samaki, kwa vyungu vyao wenyewe, na waulizwe na watafiti wenye subira ile ile iliyotumika kuunganisha mtungi mmoja wa mvinyo uliotupwa nje ya lango la Krokodilo.